Bonyeza F6

Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, mstari mmoja chini kabisa ya skrini ya buluu. Yalimweleza aliyekaa mbele ya kompyuta kwamba kama ana draiva ya SCSI au ya RAID iliyotoka kwa mtengenezaji mwingine, abonyeze F6. Yalikaa sekunde chache, yakafutika. Asiyejua hakuyaona kabisa. Aliyejua alikuwa ameshatega kidole juu ya kibodi tangu CD ilipoanza kuzunguka, na aliibonyeza F6 mara sita saba mfululizo, kwa sababu ukishaibonyeza hakuna kinachotokea. Windows XP iliendelea kupakia mafaili yake kana kwamba hujasema neno, dakika nzima au zaidi, ndipo ikasimama na kukuomba ubonyeze S, kisha uweke disketi kwenye drivu A, yaani drivu ya flopi.

Hapo ndipo fundi wa mwaka 2004 alipoishiwa nguvu. Kompyuta iliyokuwa mbele yake ilikuwa mpya, bado inanukia plastiki. Ilikuwa na prosesa ya Pentium 4 na hadi diski (hard disk) mbili za SATA zilizofungwa pamoja zifanye kazi kama moja. Drivu ya flopi haikuwamo. Mahali pake mbele ya boksi palikuwa na kifuniko kitupu.

"Bosi, haioni diski," anasema kijana anayejifunza kazi.

"Si ziko mbili?"

"Inasema hamna hata moja."

Na kweli ndivyo ilivyosema. Usakinishaji haujapata hadi diski yoyote kwenye kompyuta hii, bonyeza F3 utoke. Diski zenyewe zilikuwa zinazunguka, ukiweka kiganja juu ya boksi unausikia mtetemo wake. Bayosi, programu inayoamka kwanza mashine inapowashwa, ilikuwa imeziorodhesha kwa majina na ukubwa wake dakika moja tu iliyopita. Lakini Windows haikuziona, na isingeziona mpaka ipewe ile draiva, faili la ukubwa wa kilobaiti mia kadhaa linaloiwezesha kuongea na diski, na faili hilo ilikubali kulipokea kwa njia moja tu: disketi ya inchi 3.5.

Ili kuelewa mashine ya gharama namna ile ilifikaje kukwamishwa na kipande cha plastiki, inabidi kurudi nyuma nusu karne, hadi pembezoni mwa ghuba ya San Francisco huko California.

Kusini mwa ghuba hiyo upo mji wa San Jose, ambako kampuni ya IBM ilikuwa na maabara. Mwaka 1956 maabara hiyo ilitoa hadi diski ya kwanza kuingia sokoni, IBM 350, iliyokuwa sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ina upana wa inchi 24, zote zimepangwa kwenye mhimili mmoja. Mzigo wote ule ulibeba herufi milioni 5, takriban nafasi ya picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo.

Mwaka 1967, katika maabara hiyohiyo, mhandisi David Noble wa timu iliyosimamiwa na Alan Shugart alipewa tatizo ambalo halikuonekana kubwa. IBM ilikuwa inaandaa kompyuta mpya za jamii ya System/370. Maelekezo ya msingi ya mashine hizo yalihifadhiwa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Kwa hiyo kila zilipowashwa ilibidi zilishwe upya maelekezo yale, na kila IBM ilipoyarekebisha ilihitaji njia rahisi ya kuyapeleka kwa wateja kwa posta. Noble aliangalia kanda za sumaku, akaona hazifai, akaishia kwenye sahani laini ya plastiki iliyopakwa oksidi ya chuma. Vumbi liliitesa, ndipo wakaitia ndani ya bahasha ngumu yenye kitambaa kinachoifuta inapozunguka. Mwaka 1971 ilitoka: upana wa inchi 8, uwezo wa kilobaiti 80, kwa kusomwa tu. Kwa kuwa ilijikunja, ikaitwa flopi.

Msomaji aikumbuke kazi ile ya kwanza. Flopi haikubuniwa ili makarani watunzie barua zao. Ilibuniwa iiamshe mashine, iingize maelekezo yanayotakiwa kabla mashine haijaweza kufanya jambo lingine lolote.

Shugart aliondoka IBM mwaka 1969, na mwaka 1973 akaanzisha kampuni iliyobeba jina lake. Mwaka 1976 Shugart Associates ilitoa flopi ya inchi 5.25. Kampuni hiyohiyo ikabuni utaratibu wa kuunganisha diski na kompyuta uliobeba jina lake, SASI, nao ukaja kurekebishwa na kusanifishwa mwaka 1986 kwa jina la SCSI. Kwa hiyo yale maneno chini ya skrini ya buluu, yaliyotaja SCSI na kudai flopi, yalibeba mara mbili alama ya mtu mmoja.

Flopi ya inchi 3.5 ilitoka kwa Sony mwaka 1981. Apple iliiweka kwenye Macintosh mwaka 1984, na IBM ilipoipokea kwenye kompyuta za PS/2 mwaka 1987 ilikuwa imefikia ule uwezo unaojulikana na wote, megabaiti 1.44. Namba yenyewe ni ya kimachinga kidogo. Disketi ina pande 2, kila upande una duara 80, kila duara lina vipande 18, na kila kipande kinabeba baiti 512. Zidisha, unapata baiti 1,474,560. Ukiigawa kwa 1,000 haikupi 1,440, na ukiigawa kwa 1,024 mara mbili haikupi 1.44. Walichanganya vipimo viwili katika hesabu moja, na dunia ikakubali.

Katikati ya safari hiyo, Agosti 1981, IBM ilitoa PC yake ya kwanza. Haikuwa na hadi diski. Herufi A na B zilitengwa kwa ajili ya flopi, na hadi diski ilipoingia kwenye modeli ya XT mwaka 1983 ilipewa herufi iliyofuata, C. Tangu hapo kila programu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine zile ilichukulia jambo moja kuwa halihitaji kuulizwa: drivu A ipo. Kompyuta inaweza kukosa kipanya, kukosa sauti, hata kukosa hadi diski. Drivu A haikosi.

Upande wa mashariki wa ghuba ileile, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, watu watatu walikuwa na hesabu nyingine. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz waliangalia diski kubwa za IBM 3380, zenye megabaiti 7,500 kila moja na bei ya kutisha, kisha wakaangalia diski ndogo za kampuni ya Conner zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani, megabaiti 100 kila moja. Kwa nini mtu anunue jitu moja, wakati vijitu vingi vya bei nafuu vikifanya kazi pamoja vinasoma na kuandika kwa kasi zaidi? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatizo ni kwamba vitu vingi vinaharibika mara nyingi. Diski moja ilikadiriwa kuishi saa 30,000. Ukiwa nazo 100, mojawapo itakufa baada ya saa 300 hivi, yaani haimalizi wiki mbili. Hivyo andiko lao, lililosomwa kwenye mkutano wa wataalamu wa hifadhidata mjini Chicago mwaka 1988, kiini chake hakikuwa kasi bali akiba: namna ya kuzipanga diski za bei nafuu ili moja ikifa data isife nayo. Mpango huo wakauita RAID, na wakautolea madaraja matano.

Daraja la kwanza ni kioo. Kila kinachoandikwa kwenye diski hii kinaandikwa pia kwenye pacha wake. Daraja la tano ni la wajanja wa hesabu. Chukua diski tatu. Ya kwanza umeandika 7, ya pili 5, ya tatu unaandika jumla yake, 12. Diski yoyote kati ya hizo ikifa, mbili zilizobaki zinakutajia ilichobeba. Kompyuta haijumlishi namna hiyo hasa, inatumia hesabu ya biti iitwayo pariti, na kazi ya kutunza pariti huzungushwa kwa diski zote ili isiielemee moja. Lakini wazo ni hilohilo. Baadaye likaongezwa daraja la sifuri, ambalo linagawa data vipande vipande kwenye diski mbili au zaidi bila akiba yoyote. Lina kasi, na diski moja ikifa vyote vimekwenda.

Imani ya RAID, ukiondoa hesabu zake, ni moja: usitegemee kitu kimoja.

Sasa twende kaskazini, Redmond katika jimbo la Washington. Mwaka 1988 Microsoft ilimchukua Dave Cutler kutoka kampuni ya Digital, na Julai 1993 timu yake ikatoa Windows NT. Huo ndio mfumo ambao Windows 2000, Windows XP na zote zilizofuata zimejengwa juu yake. Tofauti yake na DOS ya zamani inahusu kisa chetu moja kwa moja.

DOS ilipotaka kusoma diski ilimwomba bayosi, programu ndogo iliyochomwa kwenye chipu ya mazabodi. Bayosi ni kama bawabu mzee: anajua kila mlango, anafungua polepole, na humwelezi kazi mbili kwa wakati mmoja. NT haikumtaka bawabu huyo. Ilitaka kuongea na vifaa yenyewe kupitia draiva zake. Ila mwanzoni kabisa, kabla haijaamka, haina budi kumtumia. Kwa hiyo usakinishaji una hatua mbili. Katika ya kwanza, programu ndogo ya kupakia inaagiza mafaili kupitia kwa bayosi na kuyarundika kwenye kumbukumbu. Katika ya pili, kiini cha Windows kinaamka, kinashika usukani, na bayosi haulizwi tena. Kama kiini kimeamka na hakuna draiva ya kidhibiti cha diski kwenye lile rundo, kimeamkia gizani. Diski zipo, chenyewe hakizioni. Na Windows iliyokwisha kusakinishwa ikipatwa na hali hiyo inapowaka, huanguka na kuonyesha ile skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, ambayo mafundi wameikariri kama namba ya simu ya nyumbani.

F6 ilikuwa nafasi ya kuongeza draiva kwenye rundo kabla bawabu hajaondoka. Draiva hiyo ingetoka wapi? Kwenye CD yenyewe haimo, maana kidhibiti kimetengenezwa baada ya CD kuchapwa. Kwenye hadi diski haiwezekani, ndiyo hiyo isiyoonekana. Flashi za USB wakati wa NT hazijazaliwa. Jibu lililobaki lilikuwa disketi, na waliounda NT walilitoa bila kuumiza kichwa, kwa sababu drivu A haikosi.

Na kwa miaka kadhaa hawakukosea. Waliokuwa na SCSI na RAID walikuwa wahandisi wa vyumba vya seva, na seva zao zilikuwa na drivu za flopi. Kadi ya kidhibiti ilikuja na disketi yake ndani ya boksi. Unaiweka, unabonyeza F6, unakunywa chai.

Mambo mawili yalitembea kuelekeana bila kujuana. La kwanza ni kwamba RAID ilishuka kutoka vyumba vya seva ikaingia majumbani. Mwaka 2000 mazabodi kama Abit KT7-RAID zilikuja na chipu ya HighPoint HPT370 iliyouzwa kwa bei anayoimudu kijana mpenda michezo ya kompyuta. Januari 2003 likatoka toleo la 1.0a la SATA, kiwango kipya cha kuunganisha diski na kompyuta, na mwaka huohuo Intel ikatoa chipu ya ICH5R iliyoitia RAID ndani ya mazabodi za kawaida. Vijana wakanunua diski mbili za Western Digital Raptor, za mizunguko 10,000 kwa dakika, wakazifunga kwa daraja la sifuri. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona kadi ya SCSI maishani. Na RAID hizo za bei nafuu zilikuwa nusu kazi: chipu ilishika milango tu, hesabu yote ilifanywa na draiva. Bila draiva, hapakuwa na RAID.

La pili ni kwamba flopi ilikuwa inaaga. Agosti 1998 Apple ilianza kuuza iMac isiyo na drivu ya flopi, na watu wakalalamika, kisha wakazoea. Mwongozo wa kuunda kompyuta uliotolewa na Intel na Microsoft, ulioitwa PC 2001, uliwahimiza watengenezaji waanze kuachana na vifaa vya kale. Mwaka 2003 Dell ikaacha kuweka drivu ya flopi kama kifaa cha kawaida kwenye kompyuta zake za mezani za daraja la juu. Na katikati ya hayo, Oktoba 2001, Microsoft, mwandishi mmojawapo wa mwongozo ule, ilitoa Windows XP, iliyodai drivu A.

Kamba hukatikia pabovu. Mfumo uliobuniwa ili usitegemee kitu kimoja ulikuwa na mlango mmoja wa kuingilia, na mlango huo ulikuwa unang'olewa.

Mafundi hawakukaa wakilia. Njia ya kwanza ilikuwa ya kukopa. Unatoa drivu ya flopi kwenye kompyuta kuukuu, unafungua boksi la ile mpya, unachomeka waya bapa wa pini 34 na waya wa umeme, drivu inaning'inia nje kama utumbo. Waya huo ulikuwa na ukingo mwekundu unaoonyesha pini ya kwanza. Ukiuchomeka kinyume, taa ya drivu inawaka na haizimi, na hiyo ndiyo lugha yake ya kukwambia umekosea. Ukipita hapo, unakutana na disketi zenyewe, ambazo zimekaa kwenye droo miaka mitatu, zina fangasi au sumaku yake imefifia. Na ukipata nzima, kosa la kawaida lilikuwa kunakili folda badala ya mafaili. Windows ilitafuta faili moja, txtsetup.oem, kwenye mzizi wa disketi. Likiwa ndani ya folda, halipo.

Njia ya pili ilikuwa drivu ya flopi ya USB, na hii iliwaliza wengi zaidi. Katika hatua ya kwanza ilifanya kazi vizuri, kwa sababu bayosi iliitambulisha kama drivu A. Fundi anashangilia, draiva imeingia, diski zimeonekana, anazigawa, anaanza kunakili mafaili. Kisha Windows inaomba disketi mara ya pili, ili sasa iinakili draiva kwenye hadi diski. Wakati huo bawabu ameshaondoka. Windows inaitafuta drivu kwa macho yake yenyewe, na XP ilizitambua modeli chache tu za flopi za USB, zile zilizoandikwa ndani ya faili lake la usakinishaji. Kama yako haimo, unaombwa disketi ambayo tayari imo, unabonyeza Enter, unaombwa tena, mpaka unazima mashine kwa hasira.

Njia ya tatu ilikuwa kuidanganya Windows. Kompyuta nyingi ziliweza kuwekwa katika hali ya kujifanya IDE, ile ya kizamani ambayo Windows iliijua tangu utotoni. Kwa diski moja ya SATA hilo lilitosha. Kwa RAID halikusaidia, maana ukiondoa hali ya RAID umeondoa na muungano wenyewe, na diski mbili zinarudi kuwa mbili zisizoelewana.

Kwenye seva kubwa watengenezaji walikuja na ujanja mwingine. Kadi za kuendesha seva kwa mbali, kama iLO ya HP, ziliweza kuchukua faili lenye sura ya disketi kutoka kwenye kompyuta ya mhandisi na kuiambia seva kwamba hiyo ndiyo drivu A. Mhandisi alikaa ofisini, seva ikiwa chumba kingine au mji mwingine, akiingiza kwenye tundu lisilokuwepo disketi isiyokuwepo.

Njia iliyoshinda zote ilikuwa kuipika upya CD. Kama Windows haiikubali draiva kutoka nje, basi draiva iwe ya ndani. Unanakili CD nzima kwenye folda, unaibana draiva na kuiweka pamoja na nyingine, kisha unafungua faili la maandishi liitwalo txtsetup.sif na kuongeza mistari michache. Mmoja wa mistari hiyo unafanana na huu: PCI\VEN_8086&DEV_24DF. Ni kitambulisho cha kidhibiti. Namba 8086 ni ya Intel, iliyojichagulia namba ya prosesa yake maarufu ya mwaka 1978, na 24DF ni ICH5R ikiwa katika hali ya RAID. Ukikosea herufi moja, umechoma CD ya bure. Ndipo programu ya nLite ikaja ikaifanya kazi hiyo kwa kubofya. Unaionyesha folda ya Windows, unaionyesha folda ya draiva, unachagua kidhibiti chako, nayo inakutolea CD mpya. Ukiwasha mashine kwa CD ile hubonyezi F6 wala chochote. Diski zinaonekana zenyewe, kana kwamba hapakuwahi kuwa na tatizo.

Kwetu Afrika Mashariki kisa hiki kilikuwa na chumvi yake. Draiva za kidhibiti ni ndogo, lakini ilibidi uzitoe kwenye tovuti ya mtengenezaji, na mpaka kebo ya SEACOM ilipowashwa Julai 2009, intaneti ya ukanda huu ilipitia kwenye setilaiti, kwa bei na mwendo wa kukatisha tamaa. Kwa hiyo CD iliyopikwa vizuri haikutupwa. Ilitiwa kwenye pochi, ikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito "XP SATA", ikaazimwa kutoka duka hadi duka. Aliyefika kupigiwa Windows hakujua kilichomo. Alijua tu kwamba fundi fulani mashine mpya zinamkubali. Na kompyuta za mtumba, zile zilizodharauliwa kwa ukuukuu wake, zikapata heshima ya muda. Ndizo zilizokuwa bado na drivu ya flopi ya kuazimisha.

Microsoft ililimaliza jambo hili mwishoni mwa 2006, Windows Vista ilipotolewa kwa makampuni, kisha kwa watu wote Januari 2007. Usakinishaji wake haukuanza tena na ile skrini ya buluu. Ulianza na Windows ndogo iliyokamilika, inayopakiwa yote kwenye kumbukumbu, yenye macho ya kuona USB, CD na DVD. Kama diski hazikuonekana, palikuwa na kitufe cha kupakia draiva, na draiva ingeweza kutoka kokote. Lile swali la drivu A lililodumu tangu 1981 likafutwa kwa kitufe kimoja. Lakini Vista haikupendwa, watu wakabaki na XP, na F6 ikaendelea kubonyezwa miaka mingi baadaye. Sony iliacha kuuza disketi Japani mwaka 2011. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014.

Hadithi ingeishia hapo kama Intel isingeleta utaratibu wa kusimamia diski, uitwao VMD, kwenye prosesa za kizazi cha 11 zilizotangazwa mwaka 2020. Laptopu hizo zikafika kwa mafundi, nazo zikiwashwa kwa flashi ya Windows 10 zilifanya jambo ambalo wazee walilitambua mara moja. Skrini haikuwa ya buluu tena, maandishi yalikuwa mazuri, na orodha ya diski ilikuwa tupu. Windows haina draiva.

Safari hii dawa ni rahisi. Unakwenda kwenye tovuti, unashusha faili, unaliweka kwenye flashi, unabofya kupakia draiva, diski inajitokeza. Kazi ya dakika tano. Lakini mwangalie kijana anayeifanya kazi hiyo, aliyezaliwa wakati iMac zisizo na flopi zimeshazeeka, anavyosita kabla ya kubofya. Faili alilolishusha linaitwa f6vmdflpy-x64.

VMD anaijua, na x64 anaijua. Anamgeukia fundi wake amuulize F6 inaingiaje hapa, maana hajaibonyeza na hakuna aliyemwambia aibonyeze. Na hizi herufi nne katikati, f-l-p-y, ni kifupi cha nini?

Fundi anacheka, anavuta droo ya chini, anapapasa chini ya waya na skrubu. Anatoa kipande cheusi cha plastiki cha inchi tatu na nusu, chenye kibandiko kilichopauka, anamwekea mezani kando ya laptopu. Kijana anakigeuza upande huu na upande ule, anasogeza kifuniko chake cha chuma, kinarudi chenyewe kwa kishindo kidogo. Pembeni yake, kwenye skrini, diski imeshaonekana.